Mpwa Wangu, Lokesheni Iwe na Mwisho

Chumbageni, Tanga

Kwako mpwa wangu,

Mama yako amepona mafua, na mvua zimeanza kutuharibia njia ya sokoni kama kawaida yake. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga, maana neno lenyewe ni refu na kwenye simu utanikatisha kwa vicheko.

Mama yako amenieleza kwamba mchumba wako anataka lokesheni yako iwe wazi kwake usiku na mchana, na kwamba amesema mwenye kupenda hana la kuficha. Amenieleza pia kwamba habari hiyo imemfurahisha, na yeye anataka aunganishwe. Nawajibu wote wawili kwa mkupuo mmoja: hapana.

Usidhani ni uzee unaoogopa simu. Unajua nimekula mshahara wa serikali kwa kupima viwanja, na sisi wapimaji tunaikumbuka Mei 2000, Marekani ilipoacha kuivuruga kwa makusudi ishara ya GPS iliyowaachia raia. Kabla ya hapo kifaa cha mkononi kiliweza kukosea hata mita 100. Baada ya hapo kikakaribia kukuonyesha mti uliosimama chini yake. Simu yako inategemea ishara hizo hizo. Wengi wanadhani setelaiti inawatazama, na wamekosea. Setelaiti ya GPS iko juu zaidi ya kilomita 20,000, inatangaza saa na mahali ilipo, basi. Simu ndiyo inayosikiliza na kupiga hesabu ya ulipo. Hata ukizima GPS, inaweza kukisia kwa minara na Wi-Fi za jirani. Hesabu ikishapatikana, hutoka ndani ya simu kwa sababu ipo programu, au yupo mtu, aliyeruhusiwa kuichukua. Kagua ruhusa, mpwa wangu. Programu ya tochi haina shughuli yoyote na mahali ulipo.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mtu akikuona Kariakoo siku moja hajapata kitu. Akikutazama mwezi mzima, anajua wiki ipi uko zamu ya usiku, kituo gani unasubiri daladala alfajiri, saa ngapi chumba chako cha Sinza kiko kitupu, na kliniki gani uliingia bila kumwambia mtu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5, zikiwa zimeondolewa majina. Walikuta kwamba ukijua mahali panne tu alipokuwa mtu, na saa zake, unaweza kuwapambanua asilimia 95 ya watu hao. Kwa hiyo kampuni ikikuambia imeondoa jina lako, usilale usingizi.

Hata majeshi yalinaswa. Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo programu yake hutumiwa na wakimbiaji, ilitoa ramani ya dunia ya njia ambazo wateja wake hukimbia. Haikuwa na jina la mtu. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, akaonyesha kwamba katika maeneo ya Syria na Afghanistan ambako karibu kote ni giza, kulikuwa na vijinjia vinang'aa vikizunguka mahali pamoja. Ni askari wa kigeni waliokuwa wakifanya mazoezi kambini na saa zao mkononi.

Lakini wewe si kambi ya jeshi, na sidhani adui yako yuko Australia. Narudi kwa mchumba.

Simjui kwa ubaya. Alipokuja kujitambulisha alikaa kwa adabu, na kaka zako walimpenda (mmoja alimpenda kwa sababu ya timu ya mpira, lakini tuyaache hayo). Shida yangu ni desturi anayotaka kuianzisha. Siku betri itakapokwisha ukiwa kazini, utatakiwa utoe maelezo. Siku foleni ya Ubungo itakapokushika dakika arobaini, utaulizwa ulisimama kwa nani. Utaanza kupanga mizunguko yako ili alama kwenye ramani isilete maswali, na hapo hata kumtembelea shoga yako kutahitaji kibali. Tena uchumba huvunjika. Umoja wa Mataifa umekwisha kueleza kwamba wanawake na wasichana wanaouawa makusudi duniani, zaidi ya nusu huuawa na wapenzi, waume au jamaa zao. Sisemi huyu ni mmoja wa wauaji hao. Nasema mtu wa karibu ndiye anayehitaji mpaka ulio wazi, kwa kuwa wa mbali hana njia ya kukufikia.

Na simu hiyo uliyonayo, si yeye aliyekununulia? Nani aliifungua mara ya kwanza na kuweka akaunti ya Google? Kama ni yeye, au ni kijana wa dukani pale Makumbusho, basi kuna mtu mwingine anayejua nywila yako. Anaweza kuingia katika huduma ya kutafuta simu iliyopotea, akaona ilipo bila wewe kumtumia chochote. Watu wetu wengi wamefunguliwa akaunti kwa mtindo huo, na hata namba ya kurejeshea akaunti ni ya fundi. Fungua akaunti, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa usichokijua. Badili nywila, weka namba yako mwenyewe, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Kisha ingia Google Maps uangalie kama kuna mtu ambaye tayari anashirikishwa mahali ulipo. Huko mtu anaweza kuwekwa mpaka azimwe, ukasahau miaka.

Sikukatazi kutuma lokesheni. Ukitoka zamu usiku na kupanda Bolt, mtumie shoga yako lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp. Inakupa dakika 15, saa 1 au saa 8, halafu inazima yenyewe. Ukipanda basi kuja Tanga, mpe mama yako saa nane hizo atulie. Ukifika, zima. Usiitume kwenye grupu la ukoo, kwani mle kuna namba ambazo hata mimi niliyeliunda sizijui ni za nani, na kila aliyemo anaiona. Boda anayeleta mzigo mwelekeze dukani kwa Mangi, umfuate hapo. Hana sababu ya kulijua geti lako. Picha za safari ziweke ukisharudi.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabana wanaokusanya taarifa za watu. Itakusaidia ukidhulumiwa na kampuni. Kumwambia mchumba wako hapana ni kazi ambayo sheria hiyo haitakufanyia.

Basi nywila ibadili leo hii kabla hujalala. Na la mchumba, zungumza naye mchana, mahali penye watu, mwambie atapata lokesheni yako ukiwa safarini na kwa saa zinazohesabika. Akielewa, tutaendelea na mipango ya mahari. Akifoka na kutisha, hiyo ni habari tunayoihitaji kabla hatujapokea hata shilingi yake. Mwambie mjomba ndiye aliyekataza. Lawama nitazibeba mimi, na namba yangu anayo.

Wasalaam,
Mjomba wako