Nani Amekuambia, Mwalimu?

Sisi tunaoishi Busia tumezoea kupata majibu mawili kwa kila swali. Mji ni mmoja, nchi ni mbili. Ukiuliza bodaboda zilianzia wapi, mtu wa Busia atakuambia ni hapa, na mtu wa Malaba, kwenye njia iendayo Tororo, atakuambia ni kule. Kila upande una mzee wake anayeapa kwamba ndiye wa kwanza kumpakia abiria kwenye baiskeli na kumvusha mpaka. Nilikuwa nikiwacheka wazee hao, hadi siku nilipotambua kwamba nami ni mmoja wao.

Siku hiyo nilikuwa nikifundisha ucheshi katika maandishi. Nilikuwa na vipande vya gazeti la Taifa Leo vyenye katuni ya Juha Kalulu, kazi ya Edward Gicheri Gitau iliyowachekesha Wakenya kwa miongo mingi. Nikawaeleza wanafunzi, kwa madaha ya mtu aliyesoma, namna jina hilo lilivyozaliwa. Juha ni mpumbavu, nikasema, na kalulu ni sungura katika lugha ya Kinyanja. Basi Gitau aliketi, akatafakari, akaamua kumuunganisha mpumbavu na mjanja katika mwili mmoja ili tujione sote ndani yake.

Darasa liliridhika. Kisha msichana mmoja, ambaye nyanya yake anaishi Tororo, akainua mkono. "Samahani, mwalimu. Nani amekuambia? Ni Gitau mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Maana ya maneno yale mawili niliijua kwa hakika. Lakini yule Gitau aliyeketi na kutafakari nilikuwa nimemuumba mimi, kisha nikamtia nia yangu moyoni mwake. Dhana ilikuwa ya kupendeza, na kwa sababu ilipendeza sikuwahi kuiuliza imetoka wapi.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba hili ni jambo dogo: katuni ni za kuchekesha tu, na asili ya jina haimuumizi mtu. Nami nilijaribu kujifariji hivyo. Lakini tazama yaliyotokea Marekani. Batman alichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1939, katika toleo la 27 la jarida la Detective Comics. Kwa miongo mingi jina lililotajwa kuwa la muumbaji wake lilikuwa moja tu, la mchoraji Bob Kane. Mwaka 1965 mwandishi Bill Finger alipoeleza mbele ya wapenzi wa katuni sehemu kubwa aliyoichangia katika kumuumba mhusika huyo, Kane aliandika barua ya kukanusha. Finger alifariki mwaka 1974. Kane alikuja kukiri katika kitabu cha maisha yake, mwaka 1989, kwamba mwenzake alistahili kutajwa. Jina la Finger halikuanza kuwekwa rasmi kando ya la Kane hadi mwaka 2015.

Hadithi ya Kane ilikuwa na kila sifa ya kuaminika: ilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwapo. Na hapo ndipo penye funzo. Msanii anayesimulia kazi yake ilivyozaliwa ni shahidi, lakini ni shahidi mwenye shauri katika kesi. Anaweza kusahau, anaweza kupamba, anaweza kumwacha nje mwenzake. Watu waliolinganisha maneno yake na kumbukumbu za wengine hawakuwa wakimvunjia heshima; walikuwa wakimrudishia marehemu jasho lake.

Tuna mifano ya kujizoeza nayo karibu zaidi. Jarida la katuni la Sani la Tanzania linajulikana sana. Mwalimu wa Kiswahili akiulizwa asili ya jina hilo, ulimi utamvuta upesi kwenye "sanaa", "msanii" na "usanifu". Ni maelezo mazuri yanayofuata mkondo wa lugha. Lakini watafiti wa katuni za Tanzania wanaeleza kwamba jina liliungwa kutokana na majina ya waasisi wake wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Kamusi ingenipa jibu la kuvutia na kunipoteza njia, kwa kuwa kamusi inajua maneno na haikuwapo jina lilipokuwa likitolewa.

Chukua pia Bogi Benda, kibonzo cha Mganda James Tumusiime kilichosomwa katika magazeti ya Nation wakati mchoraji huyo akiishi Kenya. Baadaye alirudi kwao, akaanzisha shirika la Fountain Publishers mwaka 1988, na mwaka 2013 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake. Kitabu cha namna hiyo ni hazina. Nakisifu kila mchoraji anayeandika kabla hajasahau. Lakini msomaji makini ataweka kitabu upande mmoja na magazeti ya miaka ile upande wa pili. Ukurasa wa gazeti una tarehe juu yake. Hauzeeki na kuanza kukumbuka mambo kwa namna nyingine.

Basi, mwananchi mwenzangu, nimejiwekea maswali manne. Anayesimulia alikuwapo, au amesikia? Alisimulia lini, mwaka ule ule au baada ya miaka 30? Ananufaika na nini hadithi ikiaminika? Na kuna nini kilichoandikwa au kuchorwa wakati ule kinachoweza kumuunga mkono au kumpinga? Maswali haya yanafaa kwa katuni, na yanafaa kwa uvumi unaovuka mpaka huu msimu wa uchaguzi kwa njia za panya, usipitie kwa ofisa yeyote. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naiheshimu methali hiyo, ila nimeona lisemwalo likija kwa sababu tu tumelisema mara nyingi.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani na kugawa ubao sehemu mbili: "Tunajua" na "Tunadhani". Maana ya juha na maana ya kalulu niliziandika upande wa kwanza. Nia ya Gitau niliihamishia upande wa pili, kwa mkono wangu mwenyewe, nikawaomba radhi wanafunzi kwa kuwauzia dhana kwa bei ya ukweli. Nilidhani nitapoteza heshima. Nilichopoteza ni kimya cha darasa, maana sasa mikono huinuka kila ninapotaja asili ya kitu chochote.

Kazi yao ya nyumbani ilikuwa kumuuliza mzee mmoja kuhusu bodaboda ya kwanza. Walirejea na waanzilishi watano, watatu wa Kenya na wawili wa Uganda. Hatukumfuta hata mmoja. Kando ya kila simulizi tuliandika aliyesimulia, mahali alipokuwa akiishi wakati huo, na kama alijiona mwenyewe au aliambiwa. Yule msichana wa Tororo alimleta babu yake katika orodha hiyo, na mbele ya jina lake akaandika, bila kusita: aliambiwa.