Vikihama, Huketi Wapi?

Mdogo wangu, mwanafunzi wa biolojia, aliniomba nimtafutie jina la Kiswahili la vipande vya DNA vinavyotoka mahali pamoja katika jenomu na kujipachika pengine. Nilimpa 'vihamaji'. Mama, aliyekuwa akitusikiliza nyumbani kwetu Ndau, akauliza: "Vikihama, huketi wapi?" Ningelisema 'transposoni', nadhani asingeliuliza.

Swali hilo limewashughulisha sana wataalamu wa nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, mdudu ambaye asili yake ni Afrika. Chukua kipengele P. Nzi walionaswa kabla ya miaka ya 1950 na kufugwa maabarani hawakuwa nacho. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kilikuwa kimeenea karibu kote duniani, baada ya kuvuka kutoka kwa spishi ya bara la Amerika, Drosophila willistoni. Aghalabu hujipachika karibu na mwanzo wa jeni, na huweza kuivuruga. R1 na R2 huchagua zaidi: huingia mahali maalumu katika jeni za RNA ya ribosomu. HeT-A na TART huelekea kwenye ncha za kromosomu, na huko huleta manufaa, kwani huzirefusha ncha hizo zisiendelee kupungua.

Mwanafunzi wa sarufi hatashangaa. Kirejeshi 'ye' nacho kina nafasi zake: anayesoma, asomaye, ambaye anasoma. Kikipachikwa kwingine, neno huvunjika. Hata hivyo, kirejeshi huwekwa na msemaji; kihamaji hakina nia, huongozwa na kemia tu.

Aidha, mahali tunapovikuta vihamaji leo hapatwambii yote. Vingi vilivyotua penye madhara vilitoweka pamoja na nzi waliovibeba. Tunavyoviona ni vile vilivyosalia.

Jambo hili linanigusa mimi mwanafunzi wa fasihi. Vita vya Shifta (1963–1967) viliwang'oa Wabajuni wengi katika vijiji vya bara, wakatafuta makao visiwani na kwingineko. Tukusanyapo masimulizi yao, ni wepesi kuuliza walihama lini na kwa nini. Tuulize pia waliketi wapi, na kwa nini pale. Tena tukumbuke kwamba wanaotusimulia ni wale waliofika.