Molekuli ndani ya simu moja

Ba ndugu, mara ya kwanza tulipojaribu kufundisha molekuli hapa Magara tulikuwa na wanafunzi zaidi ya 30, simu moja, na mega tulizonunua kwa kuchangishana. Ukurasa ulifunguka nusu, mega zikaisha. Watoto wakacheka. Na sisi tukacheka, lakini ilituuma.

Kumbe hatukujua. Majaribio ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, unaweza kuyapakua mara moja ukayafungua bila intaneti. Mwenzetu mmoja aliyapakua akiwa Rumonge mjini, akaturushia kwa Bluetooth. Tangu siku ile hatununui tena mega za darasa.

Jambo lingine, tuliacha kuanza na simu. Tunaanza na udongo na vijiti. Tunauliza: maji ni oksijeni moja na hidrojeni mbili, sasa zimekaaje? Karibu wote wananyoosha mstari, hidrojeni huku, hidrojeni kule. (Na sisi shuleni tuliandika hivyo ubaoni miaka yote, hakuna aliyetuambia kama imepinda.) Kiisha simu inapita, watu watano watano, kila mmoja anaizungusha molekuli kwa kidole chake. Anaona oksijeni iko na jozi mbili za elektroni zisizofunga kitu, zinasukuma, pembe inabaki nyuzi 104.5. Halafu anarudi kukunja udongo wake. Ni pale kwenye udongo ndipo wanashika, si kwenye simu.

Faida ya kule kupinda tunaionyesha kwa mawese, maana Rumonge hayakosi. Molekuli ya maji upande mmoja iko na umeme hasi kidogo, mwingine chanya, basi zinavutana zenyewe. Mawese hayako hivyo, hayachanganyiki nayo. Sabuni ndiyo inashika huku na huku.

Wiki iliyofuata ilikuwa kaboni dayoksaidi. Hiyo imenyooka kabisa, nyuzi 180. Msichana mmoja aliyetoka upande wa Goma akauliza, "Mwalimu, njo hii ya mazuku?"

Tukasema ndiyo. Akatuambia mdogo wake alifia katika shimo karibu na nyumba yao, na watu walisema mama jirani alimroga. Yule mama alifukuzwa.

Hatukuwa tumeandaa somo la namna hiyo. Tulichukua tu chaki tukahesabu naye: kaboni 12, oksijeni 16 na 16, jumla 44. Hewa ya kawaida ni kama 29. Kwa hiyo gesi ile inatoka ardhini, inalala chini kwenye mashimo, haina rangi wala harufu, na mtoto ni mfupi.

Akaangalia ubao muda mrefu. "Kumbe mama jirani hakufanyaka kitu."

Akaomba simu. Zamu za watu watano hatukuzifuata siku hiyo, na wenzake hawakulalamika. Alikaa nayo akiizungusha ile molekuli mpaka chaji ikaisha.