Bibi Alinituma Nikamwangalie Mama Mdogo

Wana, niseme mapema: hii si makala ya kueleza jinsi ya kupata skolashipu Ulaya. Tangu nirudi wengi mmeniuliza, hasa pale kantini, na jibu langu ni lilelile. Sikwenda kusoma. Nilitumwa na bibi.

Iko hivi. Mama mdogo wangu anaishi na mume wake katika mji unaoitwa Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwei, kama kilomita 350 juu ya duara la Aktiki. Ana miaka sita huko. Kila mwaka ikifika mwisho wa Novemba anapotea. Simu hapokei, WhatsApp anasoma hajibu, na akijibu ni "nipo", basi. Ikifika Februari anarudi kama kawaida, anacheka, anauliza habari za kila mtu hadi kuku. Desemba ya mwaka juzi tulifiwa na mdogo wake babu. Msiba ukaisha, matanga yakaanuliwa, yeye kimya. Aliyepiga simu ni baba mdogo, mume wake. Basi pale Ujiji maneno yakaanza. Mjomba akasema yule Mkongo amemfungia dada yetu ndani. Wengine wakasema ni kiburi cha Ulaya. Bibi hakusema kitu.

Mwaka huu nilimaliza field mwanzoni mwa Agosti na chuo kilikuwa hakifunguliwi hadi mwisho wa Oktoba. Mama mdogo akanikatia tiketi mwenyewe, akasema njoo ukae wiki saba. Sikuuliza kwa nini mimi. Siku ya kuondoka bibi akaniita uani: "Nenda kamwangalie mwanangu. Usiniletee habari za barafu. Niletee habari yake."

Nilifika Agosti 18. Saa nne usiku nje bado kulikuwa na mwanga, watoto wanaendesha baiskeli. Nikasema moyoni, huku raha tu.

Maisha yao ni ya ratiba. Baba mdogo ni dereva wa basi la mjini, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mama mdogo anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wiki nyingi yupo zamu ya jioni, anaingia saa tisa alasiri na kurudi karibu saa tano usiku. Kwenye friji kuna karatasi yenye zamu za wote wawili, yeye kwa kalamu nyekundu, mume kwa bluu. Ukiiangalia unaona wazi kuwa hawa watu hawaonani.

Ila wana ujanja wao. Mzunguko wa mwisho wa baba mdogo unapita kituo cha karibu na nyumbani saa nane na robo mchana. Mama mdogo angeweza kuondoka baadaye kidogo, lakini anapanda hilohilo. Anagusisha kadi kama abiria mwingine, anakaa kiti cha mbele, na kwa dakika 16 wanaangaliana kwenye kioo. Akishuka anasema kwa Kiswahili, "Asante dereva." Baba mdogo anajibu, "Karibu tena, mama." Abiria wengine hawajui kinachoendelea. Nilipanda nao mara ya kwanza nikacheka. Mara ya tatu nilianza kuelewa kuwa zile dakika 16 wamezipigia hesabu.

Halafu nikaanza kuona maandalizi.

Jumamosi ya kwanza tulipanda mlimani kuchuma matunda pori, yale madogo ya bluu. Septemba tukarudia kwa mengine mekundu wanayaita tyttebær, machachu kama ukwaju, ambayo mama mdogo anayatengenezea achari ya pilipili. Tukajaza ndoo, tukaweka kwenye friza. Jioni baba mdogo alikuwa anakwenda gatini na fimbo ya kuvulia, maana kule kuvua baharini kwa chakula chako mwenyewe hakuhitaji kibali. Samaki wao anaitwa sei, nyama nyeupe. Wanamkata, wanamfunga kwenye mifuko, friza. Mapazia mazito ya chumbani, yale ya kuzuia mwanga wa usiku wakati wa kiangazi, yakashushwa, yakafuliwa, yakawekwa kabatini. Makoti yakatolewa, mama mdogo akakagua vile vipande vinavyong'aa taa ya gari ikivimulika, maana kule gizani mtu asiye navyo dereva hamwoni. Ikanunuliwa chupa ya mafuta ya ini la samaki, kijiko kimoja kila asubuhi. Baba mdogo akanieleza kuwa Wanorwei husema mafuta hayo hunywewa kila mwezi wenye herufi r, na kwa lugha yao ni kuanzia september hadi april. Mwisho akaja na boksi, ndani yake taa pana kama trei, yenye mwanga mkali mweupe. Wakaiweka kwenye meza ya chakula.

Mimi nikaona kichekesho. Nikasema, "Mama mdogo, mnajiandaa kama Nuhu." Hakucheka.

Hapa niwe mkweli. Mimi nasomea kufundisha Jiografia. Julai hiyohiyo, nikiwa field, nilisimama mbele ya darasa na chungwa na tochi, nikaeleza kuwa mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.5 na ndiyo maana kuna misimu. Mwalimu msimamizi akanipa maksi nzuri. Lakini nililelewa Ujiji, ambako urefu wa mchana mwaka mzima hautofautiani hata kwa saa moja. Sikuwahi kufikiria kuwa ndani ya ule mchoro kuna watu wanapika.

Kule, kuanzia mwisho wa Agosti, mwanga ulikuwa unapungua karibu dakika tisa kila siku. Kwa wiki ni kama saa moja. Unaliona kwa macho. Jumatatu hii unakula chakula cha jioni na jua, Jumatatu ijayo kuna kivuli, inayofuata umewasha taa. Miti ikageuka njano yote kwa pamoja. Mwisho wa Septemba vilele vya milima vikawa vyeupe. Na kutoka mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Kuna saa chache za mwanga wa bluu mchana, halafu giza. Mjini milima inalificha siku kadhaa zaidi, ndiyo maana sherehe yao ya jua ni Januari 21, watoto wanakula andazi maalumu.

Jioni moja katikati ya Septemba nilikuwa gatini na baba mdogo. Yeye ni wa Uvira, baba yake alikuwa mvuvi kwenye ziwa lilelile tunalooga sisi Ujiji, ng'ambo ya pili tu. Kiswahili chake ni cha kwao. Nikamuuliza, bila kuzunguka, kwa nini mama mdogo hupotea.

Akavuta uzi kwanza. Akasema, "Mwaka wa kwanza alikuwa muzuri. Mwaka wa pili giza ilimuingia." Akaeleza kuwa aliacha kula. Alikuwa analala mchana kutwa, halafu ikawa halali kabisa. Akirudi kazini anamkuta amekaa sakafuni bafuni na koti mwilini. Simu inalia, anaiangalia kama ni ya mtu mwingine. Daktari akasema ni sonona, akapewa ruhusa ya ugonjwa, miezi miwili. Msiba wetu uliangukia humo.

"Mimi nilikaaka Nyarugusu miaka tisa," akasema. "Nilifikiri najua kungoja. Lakini kungoja na mtu ambaye haoni kama kuna kitu inakuja, hiyo ni ingine." Yeye mwenyewe giza halimsumbui, anapenda theluji na mwezi. Si kila mtu linamkamata. Na maneno ya Ujiji anayajua yote. "Sikuyakatala, kwa sababu alinikataza. Aliogopa mama yake atapata presha."

Usiku huo nilifungua simu, nikarudi nyuma hadi Desemba ile. Meseji zangu bado zipo, nne. Bumu lilikuwa limechelewa na nilikuwa nataka laptop. Ya kwanza ina salamu ndefu. Ya nne inasema, "Mama mdogo au ndiyo umetusahau?" Wiki moja baadaye hela iliingia. Nilidhani ametuma yeye. Ni baba mdogo, Mkongo aliyemfungia dada yetu ndani.

Nilikaa siku mbili bila kujua pa kuanzia. Siku ya tatu mama mdogo alikuwa off, tumekaa mezani tunachambua matunda, tukitoa majani. Nikamwomba radhi kwa ile meseji. Akasema hata haikumbuki. Sijui kama ni kweli. Nikamuuliza, "Hela ya tiketi yangu si ungeenda nayo wewe nyumbani?"

Akaendelea kuchambua. "Nikienda mimi, watanikuta jua linawaka, nimenenepa, nacheka, nimebeba zawadi. Niwaambie nilikuwa naumwa, nani ataamini? Watasema hata kuumwa kwake ni kwa kizungu. Nilitaka mtu wa nyumbani aje aone. Aone na hizo ndoo, na hiyo taa, na huyu mwanaume anavyohangaika." Baba mdogo alikuwa ameomba Desemba na Januari abaki kwenye zamu za asubuhi peke yake, ili jioni asiwe mbali naye akiwa nyumbani. Walikuwa wanasubiri jibu.

Kumbe nilitumwa na watu wawili.

Nikamuuliza nimwambie bibi? Akafikiri. "Mwambie. Ila mdogomdogo. Na si mbele ya mjomba wako."

Niliondoka Oktoba 4. Siku mbili kabla, jibu la zamu lilikuja: Desemba amekubaliwa, Januari bado. Baba mdogo akaandika mwezi mzima kwenye karatasi ya friji kwa kalamu ya bluu.

Bibi nilimweleza jikoni, tukiwa wawili, anapepeta mchele. Nilikuwa nimejiandaa kueleza sonona kwa lugha ya saikolojia ya elimu tuliyosoma mwaka wa pili. Haikuhitajika. Akauliza, "Anakula?" Nikasema sasa hivi anakula. "Mume wake anampikia?" Nikasema samaki, na ugali wa semolina. Akanyamaza, akapepeta. "Basi huyo ni mwanangu," akasema. "Mjomba wako nitamwita mwenyewe."

Kuhusu jua hakunielewa. Nilichukua chungwa nikamwonyesha. Akasema jua la Mungu haliwezi kukosa kuchomoza, labda mawingu.

Lakini sasa ni Desemba, na kila siku saa nne asubuhi bibi anampigia mama mdogo video. Kule ni saa mbili, giza tupu. Bibi anatoka uani, anageuza simu kuelekea juani. Kamera yake ni mbovu, kinachoonekana ni weupe mtupu. Halafu anaongea habari za kuku. Wiki iliyopita mama mdogo hakupokea siku tatu mfululizo. Bibi alipiga hivyohivyo, na siku ya nne alipokea. Alikuwa amekaa mbele ya ile taa, nywele hazijachanwa. Alisema, "Nipo."

Mwaka juzi neno hilo lilituudhi. Safari hii bibi alijibu, "Nakuona."

Mimi nafundisha tuisheni watoto wawili hapa karibu na hosteli, Jumanne na Alhamisi. Si hela nyingi. Ila tangu Oktoba sijaomba hata shilingi Tromsø, na nikimwandikia mama mdogo meseji naandika habari tu, kisha naiacha hapo bila alama ya kuuliza.