Jumatatu ya Tervuren

Mtu akienda ugenini hutazamia kurudi na mengi ya kusimulia. Nasi tulirudi na habari ya mlango uliofungwa.

Ilikuwa mwezi wa Julai 2019. Tulitoka Bukavu watu watano, baba, mama na watoto watatu, tukaenda kumwamkia shemeji yetu akaaye Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Siku ya mwisho kabla ya safari ya kurudi tuliiweka kwa ajili ya Tervuren, mahali penye jumba kubwa la makumbusho ya Afrika. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1910. Likafungwa kwa matengenezo mwaka 2013, na watu wakaingia tena Desemba 2018. Watoto waliahidiwa kuona mtumbwi wa Kongo wenye urefu wa zaidi ya mita 22, uliochongwa katika gogo moja. Kwa watoto wa ziwa Kivu hilo si jambo dogo! Tangu Jumapili jioni walibishana ni wapiga kasia wangapi wangeenea humo.

Asubuhi mama akamwuliza ndugu yake: «Kaka, umehakikisha kwamba leo panafunguliwa?»

«Dada yangu, miaka kumi na miwili nakaa hapa, nihakikishe nini?»

Basi tukapanda tramu namba 44 pale Montgomery, tukapita katikati ya miti mirefu ya msitu wa Soignes. Tulipofika, mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Mlangoni palikuwa na tangazo: Jumatatu makumbusho hufungwa. Nasi tulikuwa Jumatatu. Shemeji akalisoma tangazo mara tatu, kana kwamba herufi zingemhurumia. Kitindamimba akaangua kilio. Mama hakusema neno, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko maneno. Kwa haki tukiri kwamba hata sisi, mwalimu mzima, hatukuuliza.

Tukaenda kutafuta mahali pa kujikinga mvua, tukafika kwenye kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili. Bibi mmoja mzee aliyebeba mfuko wa mboga alitutazama, akasema, «Congo?» Tulipoitika, akatuonyesha kwa kidole ubavu wa kanisa, akaenda zake.

Kando ya ukuta palikuwa na makaburi saba. Mtoto wetu wa pili, wa darasa la tano, akayasoma majina kwa sauti: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange.

«Baba, hawa ni watu wa kwetu. Walikuja kutembea kama sisi?»

Tulikawia kumjibu. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II alifanya maonyesho ya Kongo hapo Tervuren. Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, waliletwa kwa meli wakawekwa katika vijiji vilivyojengwa bustanini, ili wazungu waje kuwaona wakipika, wakicheza ngoma na kupiga makasia. Watazamaji walizidi milioni moja. Majira yale yalikuwa ya baridi na mvua, na hao saba hawakurudi kwao. Barabara pana tuliyoipita kwa tramu ilifunguliwa kwa ajili ya maonyesho hayo.

«Hapana, mwanangu,» tukasema, «hawakuja kutazama. Waliletwa watazamwe.»

Akanyamaza. Nasi tukaona haya, kwa maana tumefundisha historia miaka mingi, na mwaka wa 1897 tumeuandika ubaoni mara nyingi, lakini majina yale hatukuyaandika hata siku moja. Mama akavua kitambaa chake cha kichwa, akafuta maji na majani juu ya jiwe moja, kisha la pili, mpaka yote saba. Tukasali Salamu Maria kwa Kiswahili. Hata kitindamimba alikuwa ameacha kulia.

Mkate na mayai tulivila tukiwa tumesimama kituoni. Shemeji akasema mtumbwi tutauona safari nyingine, na mama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akacheka: «Lakini si Jumatatu, kaka.»

Ndani ya tramu yule wa darasa la tano akaomba kalamu. Aliandika majina juu ya karatasi iliyofungiwa mkate. Karatasi ilikuwa imelowa, ikapasuka penye jina la sita. Mibange akamwandika kiganjani.