Geti moja, serikali mbili

Wasee, wiki jana niliweka video nikisema elimu yote ipelekwe kaunti. Yote, kuanzia chekechea hadi sekondari. Hoja yangu ilikuwa rahisi: ofisi ya gavana naijua, naweza kwenda kusimama pale nje nipige kelele. Ukitaka kulalamikia wizara, lazima utafute nauli ya kufika Jogoo House Nairobi, na ukifika pia uulizwe umetumwa na nani. Video ikaenda vizuri. Halafu mama akanipigia simu.

"Wewe, hiyo kitu unaombea walimu wengine, unajua mimi ndiyo naishi ndani yake?"

Nikanyamaza. Mama ni mwalimu wa chekechea.

Kwa wale mlikuwa mnasinzia siku ya Katiba: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliigawa elimu. Kaunti zikapewa chekechea na vyuo vya ufundi vya kijijini. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu zikabaki kwa serikali kuu, na walimu wa shule za umma wakabaki chini ya TSC. Kwa karatasi inakaa poa. Lakini chekechea nyingi za umma ziko ndani ya kompaundi ya shule ya msingi. Ya mama iko hivyo. Geti ni moja, kengele ni moja, vyoo wanapigania. Madam wa Gredi ya 1 yuko mlango wa pili kutoka kwa mama, wanakunywa chai pamoja, na kila mmoja ana serikali yake.

Madam ana namba ya TSC, ana pensheni, ana chama cha kumpigania. Mama ana kandarasi. Ikikaribia kuisha, unaona tu vile anaanza kuosha vyombo ambavyo tayari ni safi.

2019 nilikuwa kidato cha pili. Mgao wa kaunti ulikwama tangu Julai, na sheria ya kuugawa ikasainiwa katikati ya Septemba. Mimi sikujua hayo mambo ya mgao. Nilijua tu nimetumwa nyumbani kuleta karo, nikamkuta mama jikoni, naye hajalipwa miezi miwili. Mtu anafunza watoto wa wengine asubuhi, wake amefukuzwa shule. Aliyetukopesha ni yule madam wa mlango wa pili. Mshahara wake ulikuwa umeingia kama kawaida.

Basi nikamwambia mama, sawa, nimekosea, chekechea irudishwe serikali kuu. Akakataa pia! Akanikumbusha kabla ya kaunti kuja 2013 alikuwa anafunzia kanisani, analipwa na wazazi, na mzazi akikosa anamletea mahindi. Sai ana darasa lenye mabati na viti vidogo vya watoto. "Nairobi hakuna mtu alikuwa anajua nipo," akasema. Na hata hii mambo ya vibarua si kaunti ziliivumbua. Walimu wa JSS walipogoma Mei 2024, wengi wao walikuwa intani wa TSC, wanaahidiwa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hiyo ni serikali kuu, bana.

Sasa ndiyo nimeenda kusoma Katiba vizuri, kitu ningefanya kabla ya kuwasha kamera. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuipa nyingine kazi yake, kwa makubaliano. Lakini kinasema lazima kuwe na mpango wa rasilimali za kufanya hiyo kazi kuhamishwa pia. Hapo ndipo kelele zangu zilikuwa na shimo. Nilikuwa nahamisha walimu kwa mdomo, sikuwa nimetaja pesa yao itapitia wapi na itafika lini.

Tumeshaona hii vuta nikuvute kwa basari. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali kuu kabla ya kulipia wanafunzi wa sekondari, kwa sababu sekondari si kazi ya kaunti. Kisheria alikuwa na pointi. Magavana wakakimbia kortini. Na hiyo ilikuwa Januari, mwezi wa karo!

Kwa hivyo nabadilisha msimamo, mniite kigeugeu mkitaka. Bado naamini shule inafaa iwe karibu na watu wake. Lakini kabla gavana yeyote aombe sekondari, atuonyeshe kwanza mwalimu wa chekechea mwenye kazi ya kudumu na mshahara usiongoja mabishano ya Nairobi. Miaka zaidi ya kumi imepita, hatuongei juu ya majaribio tena.

Video sijaifuta, nimebandika hii chini yake. Mama ameiona, hajasema kitu. Kandarasi yake inaisha Desemba, na ameniomba nimsaidie kujaza fomu ya kuomba kazi ambayo amefanya tangu 2014.