Sadaka Iliyotoka Mfukoni mwa Yatima



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye naye alikuwa yatima. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, mama yake akafariki yeye akiwa na miaka sita, na babu yake aliyemlea akafariki yeye akiwa na miaka minane.

Ndugu yangu unayesoma, leo sikuletei darsa la kitabu. Nakuletea jambo lililonipata mimi mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na kitu, niliyekaa kwenye mihrabu miaka mingi nikiwasomesha watu haki za yatima. Nimebadili mambo madogo madogo ili mtoto asitambulike na jamaa zake wasifedheheke, maana kumsitiri Muislamu ni wajibu. Ila kosa langu mimi sijalibadili.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko chuo kikuu. Mwaka jana vyuo vilipofunga alirudi hapa Tanga kwa likizo ndefu. Mimi nilikuwa nimeshamtafutia kibarua. Nilizungumza na ndugu mmoja wa msikitini amuingize Chongoleani, kule linakoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mwendo wa kilomita 1,443. Nilijisemea, kijana akitia mguu pale, hata kwa kazi ya kubeba na kufagia, akimaliza chuo atakuwa na pa kuanzia.

Akanijia baada ya swala ya Isha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vipi, lini unaanza?"

Akaniambia amepata kazi nyingine. Kituo kimoja cha kulelea watoto hapa mjini kilitaka kijana wa kuzunguka Deep Sea, soko la Ngamiani na stendi ya Kange kuwatafuta watoto wasio na pa kulala, kisha mchana awafundishe kusoma. Posho ni shilingi 150,000 kwa mwezi na chakula cha mchana.

Nikamwambia, "Laki na nusu? Hiyo si kazi, hiyo ni nauli."

Akainamisha kichwa, akasema kwa adabu, "Mjomba, si wewe uliyetuhifadhisha Suuratul-Maa'uun?"

Ndugu zangu, sura ile mnaijua. Allah anatuonesha alama ya mtu anayeikadhibisha dini: ni yule anayemsukuma yatima wala hahimizi kulishwa maskini. Nilinyamaza, lakini sikunyamaza kwa kukubali. Niliudhika. Nilimwona kijana hajui maisha.

Akaanza kazi. Alikuwa akitoka baada ya Alfajiri kwenda Deep Sea, vyombo vinaporudi na samaki na mnada unaanza. Pale kuna watoto wanaoparua samaki na kubeba ndoo kwa shilingi mia tano, au kwa samaki wawili wadogo. Wengine hulala ndani ya ngalawa zilizopandishwa pwani. Alikuwa na kaunta buku anaandika jina la mtoto, ametoka wapi, nani yuko hai kwao, na wapi panamuuma. Alirudi nyumbani magamba ya samaki yamemganda kwenye shati.

Wiki ya pili aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema, "Mjomba, nimejifunza nisianze kumuuliza mtoto kwa nini umetoroka. Namuuliza umekula? Akishakula ananieleza mwenyewe." Nikakumbuka habari za Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu akiwa kijana mdogo, akasimulia kwamba katika muda wote huo hakuambiwa hata "uf". Mimi madrasa yangu nimeisomesha miaka mingi, na fimbo mkononi.

Ukaja mwezi wa Agosti. Usiku mmoja mpwa wangu alikuja na lile daftari, akakaa chini mkekani.

"Mjomba, yuko mtoto wa miaka kumi na moja. Anasema anakujua."

"Ananijuaje?"

"Anasema wewe ndiye uliyemswalia baba yake. Na anasema tangi la maji la msikitini ni la baba yake."

Nikacheka. Nikasema watoto wa pwani wana maneno. Nikaenda kulala, na usingizi haukuja.

Kwa sababu nilikumbuka. Miaka miwili nyuma alifariki mvuvi mmoja jirani yetu, mtu wa safu ya pili siku zote, mwenye boti yake ndogo, mashine ya Yamaha na nyavu. Ni kweli nilimswalia mimi. Nilikwenda makaburini, nilisoma talkini, nilihudhuria hitma na pilau nilikula. Baada ya muda ndugu wa marehemu akaniletea bahasha yenye shilingi 800,000. Akasema, "Sheikh, hii ni sadaka jaariya ya ndugu yangu." Tukanunua simtanki na pampu. Nikasimama Ijumaa nikamuombea dua marehemu na nikamsifu ndugu yake mbele ya watu.

Sikumuuliza pesa hizi zimetoka wapi. Sikuuliza mjane yuko wapi, wala watoto wanakula nini.

Kesho yake nilianza kuuliza, nikiwa nimechelewa miaka miwili. Nikapata kwamba boti, mashine na nyavu viliuzwa. Vilipolipwa madeni na gharama za maziko, zikabaki shilingi 3,200,000. Marehemu hakuacha wasia. Wazazi wake walikwishatangulia. Aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Mjane alipomaliza eda yake, miezi minne na siku kumi, alirudi kwao Mkinga na mabinti. Mtoto wa kiume akabaki kwa ami yake ili asome mjini. Akasoma kidogo, akawa mtu wa kutumwa dukani na kuteka maji, akatukanwa, akakimbilia Deep Sea.

Sasa wewe unayesoma, chukua kalamu tupige hesabu pamoja, maana mirathi ni hesabu aliyoipanga Allah mwenyewe. Mke mwenye watoto anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane: 400,000. Zinabaki 2,800,000. Mtoto wa kiume anapata mafungu mawili, kila wa kike fungu moja: mvulana 1,400,000, na kila msichana 700,000. Na ndugu wa marehemu? Akiwepo mtoto wa kiume, ndugu hapati hata shilingi moja.

Basi ile 800,000 ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mjane na mayatima watatu. Wala hakuna mlezi mwenye ruhusa ya kutoa sadaka katika mali ya yatima, hata kama ni kujenga msikiti, hata kama nia yake ni njema. Hesabu hii naijua tangu nina miaka kumi na sita. Mji wetu huu ndio mji aliokuwa kadhi Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy, aliyeandika kitabu cha Mirathi kikachapishwa mwaka 1923 ili jambo hili liwe wazi kwa watu. Hatuna udhuru wa kusema hatukusoma. Tulisoma. Bahasha ilipokuja, tukafunga kitabu.

Nikaita kamati ya msikiti, nikawaeleza. Mzee mmoja akasema, "Sheikh, sadaka ikishatolewa haidaiwi." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nikawauliza, "Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina ulijengwa kwenye kiwanja cha nani?"

Kiwanja kile kilikuwa mahali pa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail, waliokuwa chini ya ulezi wa As'ad bin Zurara. Mtume (S.A.W.) alipowaita kutaka kukinunua, wakasema wanampa bure. Akakataa kukipokea bure. Akakinunua. Huyu ni Mtume wa Allah, anataka kujenga msikiti, na vijana wenyewe wameridhia kwa ndimi zao. Pamoja na hayo hakujenga mpaka alipowalipa. Sisi yatima wetu hakuulizwa wala hakuridhia. Alikuwa analala ndani ya ngalawa, na sisi tunatawadha kwa maji yake.

Wakanyamaza. Kisha mzee yule yule akasema, "Tulipe."

Mfuko wa rangi ya msikiti ulikuwa na 650,000. Tukazitoa zote. Zikapungua 150,000. Mpwa wangu alitaka kutoa posho yake ya mwezi, nikamkatalia. Nilizitoa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeipokea ile bahasha. Kuta zetu mpaka leo hazijapakwa rangi.

Upande wa ami haukuwa mwepesi, na sitaki nikudanganye kwamba kila kitu kilimalizika vizuri. Tulimwita kwa faragha, pamoja na shangazi wa watoto. Alisema pesa alizitumia kumlea mtoto. Ni kweli Qur'an, katika Suuratun-Nisaa aya ya 6, imemruhusu mlezi fukara ale kwa wema, na mwenye uwezo imemtaka ajizuie. Lakini yeye ana duka, na alikuwa amenunua pikipiki. Mwisho akakubali kurudisha 100,000 kila mwezi. Alilipa miezi mitano. Wa sita hakulipa. Na msikitini kwetu haji tena, anaswali kwingine. Mimi bado naenda kumjulia hali, kwa sababu nilimsifu mbele ya watu kwa jambo ambalo nilipaswa kumzuia. Dhambi ile tuligawana.

Mpwa wangu hakumtoa mtoto pwani kwa nguvu. Alikwenda kwanza kwa afisa ustawi wa jamii, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kujichukulia mtoto tu kwa kuwa ana huruma. Mama yake akaitwa kutoka Mkinga. Siku ya kukabidhi zile 800,000 tulifanya msikitini, mbele ya mashahidi, kama aya ile ile inavyotufundisha kuweka mashahidi tunapokabidhi mali. Zimewekwa benki kwa ajili ya watoto, baada ya mama kuchukua fungu lake. Mtoto hakusema neno. Alikwenda kwenye tangi, akafungua bomba, akanywa maji, akalifunga vizuri, akamfuata mama yake. Januari alirudi darasani. Ada siku hizi hakuna mpaka kidato cha sita, lakini sare, madaftari na viatu vinataka pesa, na sasa anazo za kwake.

Ndugu yangu, nina maneno machache ya kukuusia, na mimi nikiwa wa kwanza kuusiwa.

Wewe kijana wa chuo: likizo yako ni amana. Sisemi usitafute kibarua cha pesa, kutafuta halali ni ibada. Lakini kama unaweza, tenga hata wiki mbili ukakae na watoto wenye shida. Usiende na kamera. Siku moja watu walileta mchele kituoni wakataka watoto wapangwe mstari wapigwe picha na magunia. Mpwa wangu aliwaomba waiweke kamera, wakaondoka wamenuna, lakini mchele waliuacha. Sadaka yenye masimango Allah ameitaja kuwa imebatilika. Na ukiona mtoto anateswa, piga 116, ni bure.

Wewe mzazi: usimvunje moyo kijana wako kwa sababu ya udogo wa posho. Mimi nilitaka kumpeleka wangu kwenye bomba la mafuta. Lau angenisikiliza, ningekwenda mbele ya Allah na deni la yatima shingoni na mimi sijui.

Wewe mlezi wa watoto wa ndugu yako: andika. Kila kilichouzwa, kila kilichonunuliwa. Mtume (S.A.W.) aliinua vidole viwili, cha shahada na cha kati, kuonesha ukaribu wake Peponi na mwenye kumlea yatima. Na Qur'an, katika sura hiyo hiyo ya An-Nisaa, aya ya 10, imesema juu ya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma kwamba wanakula moto matumboni mwao. Mlango wa vidole viwili na mlango wa moto, vyote viko katika nyumba moja. Wewe ndiye unayechagua.

Na sisi maimamu: bahasha ikija kwa jina la marehemu, tuulize kwanza, ameacha nani? Mirathi imegawiwa? Mjane yuko wapi? Swali hili lichukue nafasi yake kabla ya dua. Akiudhika mtoaji, audhike. Na siku ya arubaini tusiondoke kwenye pilau bila kujua watoto wa marehemu wanalala wapi.

Leo kabla hujalala, hesabu marehemu wa mtaani kwako wa miaka mitatu hii. Taja majina ya watoto wao. Ukishindwa kuyataja, kesho anza hapo.

Ewe Allah, tusamehe tulichokula kwa kujua na kwa kutojua. Warehemu wavuvi wetu waliokufa baharini na nchi kavu. Walinde watoto wao, uwape vijana wetu nyoyo laini, na utupe sisi wakubwa masikio ya kuwasikiliza. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.